Machela porini: ulale pwani, Usambara, miomboni au nyikani?

Watu huniuliza, "Ninunue machela gani?" Nami huwarudishia swali: unakwenda kuifunga wapi? Machela ile ile iliyokupa usingizi mtamu Pangani itakufanya ukeshe ukitetemeka Lushoto, na kati ya miji hiyo miwili ni safari ya saa chache tu kwa gari. Hema halina makuu; lipe kipande cha ardhi tambarare, linakaa. Machela inategemea miti, na miti ya huku kwetu haifanani, wala usiku wake haufanani.

Machela ninayoizungumzia si ile ya kubebea wagonjwa, ingawa jina ni moja. Ni kitambaa kirefu kinachofungwa kwenye miti miwili, mtu akalala katikati akining'inia. Wataino wa visiwa vya Karibi walilala hivyo kabla Columbus hajafika kwao mwaka 1492, na Wazungu waliichukua kwao kitu na jina lake. Ni kitanda cha watu wa nchi ya joto: hewa ipite chini ya mgongo, mwili upoe, wadudu wa ardhini wabaki ardhini. Likumbuke hilo tukifika milimani.

Yasiyobadilika popote

Lala mshazari, kichwa upande mmoja wa mstari wa katikati na miguu upande wa pili, mgongo utanyooka. Anayelala kwa kufuata mstari wenyewe hujikunja kama ndizi na kuamka kiuno kinauma. Ili uweze kulala mshazari kitambaa kiwe na urefu wa mita 3 au zaidi kidogo. Zile fupi za wavu zinazouzwa ufukweni, na zile zenye vijiti ncha zote mbili, ni za kupumzikia mchana. Zenye vijiti hupinduka ukigeuka usingizini.

Mikanda inayoishikilia machela iteremke kutoka mtini kwa nyuzi 30 hivi. Nyoosha kidole cha shahada na gumba kama mtoto anayecheza bastola: mstari kutoka ncha ya gumba hadi ncha ya shahada ndio mteremko unaoutaka. Mtu wa kilo 80 akifunga hivyo, kila mti unavutwa kwa uzito wa kama kilo 80. Akikaza mpaka mteremko ubaki nyuzi 10, kila mti unavutwa kwa kama kilo 230, na hapo ndipo kamba hukatika usiku wa manane. Ilegeze, iachie tumbo.

Mikanda iwe bapa, upana wa sentimita 2.5 au zaidi. Kamba ya manila huchuna gome, na mti uliochunwa gome kuuzunguka hufa. Kati ya mti na mti ziwe hatua tano au sita, shina lisiwe jembamba kuliko paja la mtu mzima, na ukikaa kwenye machela makalio yawe kimo cha kiti cha kawaida. Ukianguka, uanguke kutoka kitini.

Pwani: nyumbani kwa machela, ila si kwenye mnazi

Kuanzia Kilwa, Bagamoyo, Pangani na Tanga hadi Kilifi na Lamu, machela iko kwao. Usiku ni wa joto, upepo wa bahari haukosekani, na mchanga unaomsumbua mwenye hema haukuhusu. Linalowaponza wageni ni picha. Kila mtu ameona picha ya machela kati ya minazi miwili, basi naye anafunga hapo hapo.

Mimi nami niliwahi kusimama Ushongo nikipima minazi miwili kwa hatua. Mzee mmoja mvuvi aliyekuwa akitengeneza nyavu akanyanyuka, akaja taratibu. Nikamwamkia. "Marahaba, mwanangu. Mkwezi hajapanda hapa tangu mfungo," akasema, akanyoosha kidole juu. Kole zima lilikuwa limebadilika rangi, nazi zimekomaa, na pembeni yake kuti kavu lilikuwa linaning'inia kwa ngozi tu. Nazi hupita kilo moja. Ikidondoka kutoka mita 20 inafika chini kwa mwendo wa kama kilomita 70 kwa saa. Kuti nalo usilidharau, bua lake ni zito kama rungu. Mzee akanipeleka hatua hamsini kusini, kwenye mivinje, akarudi kwenye nyavu zake.

Tangu siku hiyo pwani nafunga kwenye mivinje. Shina limenyooka, hakuna tunda la kukuangukia, na mara nyingi imepandwa kwa mstari, nafasi kati ya mti na mti inafaa. Kasoro yake iko kwenye mizizi: ile ya mbele kabisa mawimbi yameifukua, unaiona imeinama kuelekea baharini. Iache hiyo, rudi safu ya pili au ya tatu. Ndani zaidi kuna miembe, yenye nguvu mno, ila shina ni nene, kwa hiyo beba mikanda mirefu. Mikoko isikushawishi hata kidogo. Ni matope, mbu na maji yanayorudi usiku.

Maji yenyewe yanataka hesabu. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpya au mpevu, kina kati ya kujaa na kupwa hutofautiana kwa zaidi ya mita 3 pwani yetu. Tafuta mstari wa mwani mkavu na vijiti uliokwama mchangani, ndipo maji yalipofika mara ya mwisho. Kama mwezi unaelekea kuwa mpya au mpevu, funga juu zaidi ya hapo.

Kisha upepo. Kusi, hasa Juni hadi Septemba, ndio msimu wangu: mvua chache, hewa nzuri. Lakini unapuliza usiku kucha, na hata Tanga joto linaposhuka karibu nyuzi 20 alfajiri, mgongo uliotundikwa hewani unaanza kulalamika. Teremsha turubai lililofungwa juu yako upande unaotoka upepo mpaka likaribie mchanga, na utandike kitu chini ya mgongo. Kaskazi ya Januari na Februari ni kinyume chake, joto halipungui. Pandisha turubai juu, acha hewa ipite. Aprili na Mei, masika ikiwa imeshika, mimi nabaki nyumbani.

Mbu wa pwani si wa kubahatisha. Chandarua kiwe na kamba yake juu, kisikugusie uso. Na kuna jambo wengi hulijua baada ya kung'atwa: mbu anapenyeza mdomo kupitia kitambaa chembamba cha nailoni, kutoka chini, pale mgongo ulipokigusa. Machela ya tabaka mbili inazuia hilo. Ukiwa na ya tabaka moja, tandika mkeka mwembamba wa sponji, au kitambaa kitiwe permethrini, dawa ile ile ya vyandarua, na kikauke vizuri kabla ya kulalia.

Usambara: mteremko unakupendelea, baridi haikupendelei

Sasa panda Lushoto. Kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua kama nyuzi 6. Tanga ikiwa na nyuzi 20 usiku wa Julai, kwenye msitu wa Magamba wenye mwinuko wa mita 2,000 tarajia 8. Hiyo nyuzi 8 ndani ya hema ni baridi ya kawaida, maana ardhi chini yako inatulia na mkeka unakukinga. Kwenye machela hewa ya baridi inapita chini yako bila kukoma, ikichukua joto la mwili usiku kucha.

Safari yangu ya kwanza huko nilibeba mfuko wa kulalia mzito, nikajiamini. Saa nne usiku nilikuwa salama. Saa nane nikaamka, kifua kina jasho, mgongo kama nimeegemea pipa la maji. Sababu ni rahisi: mfuko wa kulalia unakinga baridi kwa hewa iliyonaswa ndani ya sufi yake. Ukiulalia unaubana, hewa inatoka, kilichobaki chini ya mgongo ni vitambaa viwili vilivyoshikana. Hata ununue wa bei gani, upande wa chini hautakusaidia.

Usiku wa pili kijana aliyetuongoza, mwenyeji wa kijiji jirani, alikuja na gunia la mkonge alilolijaza majani makavu ya mgomba. Tuliliweka ndani ya machela kuanzia mabegani hadi magotini, likatawanywa vizuri, juu yake mfuko wa kulalia. Lilikuwa likichakacha kila nikigeuka, lakini nililala mpaka kulipopambazuka. Ndiyo siri yote ya machela milimani: kinga iwe chini. Wenye uwezo hununua blanketi maalumu linaloning'inizwa nje, chini ya kitambaa, bila kubanwa na mwili. Asiye na uwezo huo atumie mkeka wa sponji wa mazoezi, na lile karatasi la kung'aa la kuzuia jua kwenye kioo cha mbele cha gari, limewekwa chini ya mkeka. Vitu hivyo viwili mimi vimenifikisha salama hadi nyuzi 10.

Kwa nini basi nihangaike na machela huko? Kwa sababu ya mteremko. Usambara kupata sehemu tambarare ya mita mbili kwa mbili, isiyo shamba la mtu wala njia ya watu, ni kazi. Mwenye hema anaishia kulala amejishikilia, anateleza kuelekea mlangoni. Mwenye machela anafunga kwa kufuata mlima ulivyolala, mti na mti vikiwa usawa mmoja, na bonde lote liko chini ya miguu yake. Ardhi ikiwa imeloa, haimhusu. Kule Amani, upande wa mashariki wa Usambara, mvua haipumziki kwa muda mrefu, na huko nimeona mahema yakiogelea huku machela iko kavu.

Ila ukavu una masharti. Turubai lisipungue mita 3 kwa 3. Funga kipande cha uzi kwenye kila mkanda, karibu na kitambaa, kining'inie: maji yanayotiririka kutoka mtini yatafuata uzi na kudondoka chini badala ya kuingia kitandani. Usipofanya hivyo, ukungu peke yake unatosha kukulowesha.

Kuhusu miti, msitu wa asili una mashina ya kuaminika. Tahadhari yangu ni mikaratusi, ambayo imepandwa kila mahali milimani. Mkaratusi huangusha tawi zima bila upepo na bila ishara. Usifunge kwenye mkaratusi, wala usilale chini ya matawi yake. Usifunge pia kwenye mti mkavu uliosimama. Usukume kwa bega, usikilize.

Na siafu. Baada ya mvua hutoka kwa msafara, na mti kwao ni njia kama njia nyingine. Kabla giza halijaingia zunguka miti yako miwili, angalia ardhi na gome. Ukiona mstari wao, hama. Usijaribu kuwaondoa. Wenyeji humwaga majivu kuzunguka shina, nami nafanya hivyo hata nisipowaona.

Mbu wa malaria juu kabisa ni wachache sana, lakini sijawahi kuacha chandarua.

Kilimanjaro naitaja kwa sababu watu huniuliza. Kuanzia kama mita 3,000 miti ya kufungia inaisha, na mimea mikubwa ya ajabu inayoonekana juu si miti ya kuning'inizwa mtu. Panda na hema.

Miombo: miti tele, lakini tazama juu

Tabora, Katavi, Rukwa, Ruvuma: hapa, kwenye misitu ya miombo, kila upande ni mti, shina la kiasi, ardhi wazi chini. Kwa ufungaji peke yake, miombo inashinda pwani na Usambara. Msimu wake ni Mei hadi Oktoba, maana mvua huko ni moja ndefu, inaanza Novemba na kumalizika Aprili.

Lakini ni nchi ya asali. Wafugaji nyuki hutundika mizinga mitini, mingi ikiwa ya magogo au magome, na mzinga wa gome kati ya majani makavu unafanana na tawi. Kule Sikonge, Tabora, mwenyeji wangu alinizuia nikiwa nimeshazungusha mkanda wa kwanza. Alinishika mkono bila kupaza sauti, akanirudisha nyuma hatua kwa hatua. Mzinga ulikuwa juu yangu moja kwa moja. Nyuki wetu hawasubiri maelezo. Mtikisiko wa mtu anayepanda kitandani unatosha. Tangu hapo sifungi chochote kabla sijaukagua mti mpaka kileleni, kisha na miti ya jirani.

Mchana kuna mbung'o. Wanavutwa na rangi ya bluu na nyeusi; mitego yao hutengenezwa kwa vitambaa vya rangi hizo hizo. Ukinunua machela kwa ajili ya miombo, chukua ya kijani iliyofifia au rangi ya udongo, na nguo zako vivyo hivyo. Mbung'o wanang'ata mchana na wanaweza kubeba malale, basi usiitundike machela adhuhuri ukalala bila chandarua.

Jambo la tatu ni moto. Kuanzia Agosti nyasi zimekauka na mioto ya porini hupita. Funga mahali palipofyekwa au palipokwisha kuungua, wala usiwashe moto wa kupikia chini ya miti uliyofungia.

Usiku wa Juni na Julai nao una baridi kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu nchi imeinuka zaidi ya mita 1,000 na anga haina mawingu. Mkeka wa sponji unatosha.

Nyika na maziwa: hapa chukua hema

Mikumi, Ruaha, Tsavo: sina maneno mengi. Kwenye hifadhi unalala kambi iliyotengwa tu, na kambi nyingi hazina uzio. Tembo hupita katikati ya kambi, fisi huja kunusa, simba husikika karibu. Hema lililofungwa zipu mnyama huliona kama kitu kizima, na kwa kawaida hulizunguka akaenda zake. Mtu anayening'inia kimo cha kiti, amefunikwa kitambaa chembamba, ni jambo jingine kabisa. Usilale kwenye machela huko. Ifunge mchana kambini, askari wa hifadhi akikuruhusu, uiondoe jioni. Hata hivyo migunga ina miiba mirefu kama kidole, na kuna aina yenye vifundo vinavyokaliwa na sisimizi wakali watakaokufuata kwenye mkanda.

Naivasha ina migunga mizuri kuliko yote, ile ya gome la manjano, mirefu na yenye nafasi. Lakini kiboko hutoka ziwani usiku kwenda malishoni. Nyasi fupi kama zimekatwa kwa mashine ndiyo dalili ya njia yake. Kambi nyingi za huko zina uzio wa umeme upande wa ziwa. Funga ndani ya uzio, au usifunge. Ziwa liko karibu mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo chukua kinga ile ile ya Usambara.

Turkana sikushauri. Upepo wa huko ndio uliofanya wajenge mitambo 365 ya umeme karibu na Loiyangalani, na miti iliyopo, mikoma, mabua yake ya makuti yana meno kama msumeno.

Nikupe pa kuanzia

Ukiwa na pesa ya machela, turubai na chandarua tu, nenda pwani wakati wa kusi. Hutahitaji zaidi ya mkeka mwembamba, na ukishindwa saa tisa usiku, mchanga uko chini yako na kijiji kiko karibu. Salimia kwanza, mwombe mwenyekiti wa kitongoji ruhusa. Mara nyingi atakuambia mwenyewe miti ipi ni salama.

Ukiwa na kinga ya chini ya mgongo, nenda Usambara. Kwa uzuri wa kulala, kwangu mimi hakuna panapoishinda. Misitu ya hifadhi iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, unalipa kiingilio na unakwenda na mwongozaji, na mwongozaji mzuri ana thamani kuliko kifaa chochote ulichobeba. Miombo ninaiweka ya tatu, si kwa ubaya wake, bali kwa sababu inamtaka mtu aliyekwisha kuzoea kukagua miti bila kukumbushwa.

Familia yenye watoto wadogo, chukueni hema popote muendako, na machela moja ya watoto kupumzikia mchana.

Kama hujawahi kulala kwenye machela hata siku moja, usiku wa kwanza usiwe wa safari. Anza uani kwako, kati ya miembe miwili, au nguzo imara na mwembe. Zima taa, lala mpaka saa nane usiku, uone mgongo unasema nini. Utajua usiku huo huo kama ulegeze mikanda, na kama uongeze mkeka.